Mahindi Mabaya ya Wifi Yangu

Wifi yangu hajawahi kumwomba mtu radhi kwa ajili ya yale mahindi, na mimi sitamwombea. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu mtaani kwetu wanaodai tuliyaiba kituoni mchana kweupe. Hatukuiba. Tuliyabeba kwenye ndoo na mabeseni, tukapita nayo getini, mlinzi akatufungulia, na wala hatukukaza mwendo. Anayetaka kuuita huo wizi aje aniambie usoni. Nipo palepale, sijahama.

Huyu wifi ni dada wa mume wangu, yeye ndiye mkubwa. Kazini walimwita Mbelewele. Mbelewele ni lile shada linalochomoza juu kabisa ya mmea wa mahindi na kumwaga chavua, unga wa njano mwembamba ambao ukiziangukia zile nywele za hindi ndipo punje hutunga. Msimu wa maua wifi alitembea na unga huo kichwani, mabegani, hadi kwenye nyusi, na hakuona sababu ya kujipangusa. Alikuja hivyohivyo kwenye harusi yangu. Mimi bibi harusi nimetulia, natazamwa na watu, mara mtu anaingia na viatu vya shamba, ananikumbatia kwa nguvu zake zote, ananiachia bonge la alama ya njano kwenye gauni jeupe. "Usikunje uso, wifi," akaniambia, "haiwashi." Nilimchukia siku nzima. Kesho yake akanitafutia kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye kikosi chake pale kituo cha utafiti, kikosi cha wanawake wa kuchavusha, na baadaye nikawa msimamizi wake. Yeye alikuwa mtafiti, msomi, na hakuwa na unyenyekevu wowote kuhusu jambo hilo. Akijua kitu alikuambia anakijua. Mama mkwe alinisimulia kwamba tangu mtoto alikuwa na tabia ya kung'ata punje moja mbichi kwenye kila hindi lililoingia ndani, anatafuna taratibu, kisha anatangaza lipi litamkalia mtu tumboni na lipi litampita. Alichapwa kwa kuharibu mbegu. Akaendelea kutafuna. Alikuwa mtu wa haraka kwa kila jambo, anakula amesimama, anakujibu kabla hujamaliza kusema, lakini mahindi aliyangoja. Anaupa mmea huu chavua ya ule, anangoja, anachagua, anapanda tena, anachagua tena, nywele zake zikaanza kuwa nyeupe chini ya ule unga wa njano.

Alichokuwa anakitafuta ni wanga. Ndani ya punje kuna wanga, na kila wanga una tabia yake. Baada ya miaka ya kuchagua na kutupa, alipata mbegu mbili. Mbegu ya kwanza wanga wake huvunjika upesi mno. Ukiipeleka kiwandani ukaichachusha, inatoa spiriti ya kuendeshea magari bila kusumbua. Mbegu ya pili ni kinyume chake: wanga wake ni mbishi. Ukiula, tumbo linahangaika nao polepole, na sukari ya mtu haipandi kwa kishindo. Ya kwanza kikosini tuliiita ya gari. Ya pili tuliiita ya mtu. Wifi alizipenda zote mbili sawasawa, nisije nikasikia anasingiziwa kwamba alikuwa adui wa kiwanda. "Gari liende na mtu ale," alikuwa akisema. "Kwani lazima mmoja abaki barabarani?"

Ila hiyo ya pili ilikuwa na jina la mtu ndani yake, na mtu mwenyewe nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Mume wangu ni fundi cherehani, na ana sukari. Ilianza na kidole cha mguu, kikakatwa, kikafuata kingine. Kisha ikamwingia machoni. Sasa hatungi uzi kwenye sindano, namtungia mimi, na mshono anaufuata kwa ncha za vidole kama mtu anayetafuta swichi ya taa. Daktari alimwambia apunguze vyakula vya unga. Mwambie mtu aliyelelewa kwa unga apunguze unga uone atakavyokutazama.

Siku wifi alipoleta unga wa kwanza wa ya mtu, ulioenea kwenye mfuko wa sukari uliokwisha, nilipika uji. Haukushika. Nilikoroga hadi mkono ukaniuma, ukabaki mwepesi, umejaa chengachenga. Mume wangu akauonja na kusema, "Dada, uji huu hauna adabu." Akaumaliza. Wifi akamchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupimia, akasubiri, akamchoma tena baadaye, na tena. Namba ilipanda kidogo tu, ikakaa hapo. Wifi alikaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa jikoni kwangu.

Basi lazima niwaambie jambo moja kuhusu sura ya mahindi hayo, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea mwishoni. Mahindi ya mtu ni mabaya. Punje zake zimebonyea, zimesinyaa, hazing'ai, ukizitazama unadhani hindi liliugua. Huo wanga mbishi haujazi punje vizuri. Lakini ni mabaya pale tu yanapokuwa yenyewe. Chavua ya nje ikigusa uzi mmoja wa zile nywele, punje ya hapo inanenepa, inang'aa, inapendeza, na imeshapotea, ni ya kawaida. Kwa hiyo sisi wa kikosi kile ndio watu pekee ninaowajua wanaohuzunika wakimenya hindi likatoka zuri. Nimewahi kuona mwanamke mzima akilia kwa sababu ya hindi nono.

Ndiyo maana kazi yetu ilikuwa mifuko. Kabla hindi halijatoa nywele, unalivika mfuko mdogo wa karatasi. Mbelewele unaivika mfuko mkubwa wa kaki, unaubana shingoni. Asubuhi unatikisa, chavua inaingia mfukoni, unaipeleka kwa hindi lake, unafunua kwa haraka, unamwaga, unafunika. Upepo usipate nafasi.

Ya gari nayo ilihitaji kulindwa vilevile. Na haya mawili yalikuwa hayatakiwi kabisa kukutana. Kila moja lina upungufu wake, na upungufu huo ndio tunaoutaka. Yakioana, kila moja linamzibia mwenzake pengo, na anayezaliwa ni hindi la kawaida tu, kama yale unayonunua sokoni. Kazi ya miaka yote inakwisha kwa asubuhi moja ya upepo.

Akaja mkurugenzi mpya. Alikuwa ametoka idara ya barabara, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amefunga mkataba na kiwanda cha spiriti. Akaamua ya gari ipandwe kwenye shamba la mbele, lililotenganishwa na ya mtu kwa kinjia cha kupitisha toroli tu, ili wageni wa kiwanda waone kila kitu kutoka barazani bila kuchafua viatu. Wifi alimfuata ofisini akamweleza kwamba yataharibiana. Akajibiwa, "Ni mahindi, mama, si watoto wa darasa moja." Wifi alirudi shambani akapiga teke ndoo tupu. Ikapandwa hivyo.

Mahindi yalipofika magotini, kiwanda kikamleta mtaalamu wake. Mtaalamu akasimama pale barazani, akatazama mashamba mawili, akamwambia mkurugenzi maneno yaleyale ya wifi, sasa kwa tai shingoni. Hapo ndipo mkurugenzi aliposikia. Lakini hakuhamisha ya gari, maana hiyo ndiyo iliyokuwa na mkataba. Aliniita mimi.

"Wewe ndiye msimamizi wa kikosi," alisema. "Yale ya upande wa pili yang'olewe. Wiki hii shamba liwe wazi."

"Umemwambia mwenyewe?" nikamuuliza.

"Nakwambia wewe."

"Bosi, hiyo ndiyo mbegu iliyobaki. Hakuna nyingine."

Na hakukuwa na nyingine kweli. Chumba cha baridi cha kutunzia akiba kilikuwa kimezimika msimu uliopita, hakuna aliyeshughulika kukitengeneza, na mbegu zikaota ukungu. Zilizopona wifi alizichambua punje kwa punje, akazipanda zote. Kila kilichobaki cha mahindi ya mtu duniani kilikuwa mle shambani, kimefika magotini. Nilimweleza hivyo, kwa upole wote niliokuwa nao, ambao si mwingi.

"Kiwanda hakihitaji chakula," akasema. "Mimi pia nina watu juu yangu, dada. Fanya kazi."

Nilitoka mle ofisini na hasira. Sikukasirishwa na amri peke yake. Nilikasirishwa na kunipa mimi jembe nikamkate nalo mume wangu, eti kwa kuwa yeye anaogopa kumtazama wifi yangu machoni. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja, na wifi alikuwa jikoni, anakula amesimama. Nikamwambia yote mbele ya ndugu yake, bila kuyapamba.

Hakupiga teke kitu. Aliweka sahani chini, chakula kikiwa nusu, na mimi nikaogopa, kwa sababu yule si mtu wa kuacha chakula. Mume wangu alisimamisha cherehani akageuza uso upande alikokuwa dada yake.

"Tuyahamishe," nikasema.

"Wapi?"

"Hapa uani. Na kwa mwenzangu wa jirani, na kwa wale wote wa kikosi. Kila mtu ana kipande cha ua."

"Mahindi hayapendi kuhamishwa yakishashika mizizi," alisema wifi. "Yatakufa."

"Hata mimi sikupenda kuhamia kwenu, na nilikuwa nimeshashika mizizi kwetu. Nimekufa?"

Mume wangu akacheka hadi akakohoa. Wifi akachukua sahani yake akamalizia chakula, na alipomaliza akaniuliza nina ndoo ngapi.

Tuliingia shambani asubuhi ya mawingu, kikosi kizima, kila mtu na alichokipata. Kulikuwa na ndoo, mabeseni, masufuria yaliyotoboka, na mmoja alileta beseni la kuogeshea mtoto, mtoto akiwa bado na povu kichwani nyumbani. Hatukujificha. Tulichimba kwa kuzunguka kila shina, tukatoa mmea na bonge lake la udongo, tukauketisha kwenye chombo kama mgonjwa. Wifi alipita katikati yetu akigombeza kila mtu, usivute shingo, shika chini, taratibu, huyo si muhogo. Hadi jua linachomoza kwenye mawingu, shamba la ya mtu lilikuwa mashimo matupu na tulikuwa tumepanga mstari kuelekea getini.

Mkurugenzi alishuka barazani. Safari hiyo viatu vilichafuka.

"Nini hiki? Nilisema yang'olewe."

"Yameng'olewa," wifi akamjibu. Alikuwa na ndoo mbili, moja kila mkono, majani yamemfunika hadi kidevuni. "Shamba lako hilo, wazi."

"Nilisema yang'olewe yatupwe."

"Sisi hatutupi chakula."

"Hiyo ni mali ya kituo," alisema, na sauti yake ya chini ikapanda kidogo. "Ukitoka na ndoo hizo, usirudi tena hapa."

"Basi nishikie geti," alisema wifi, "mikono yangu imejaa."

Mkurugenzi hakulishika. Mlinzi ndiye aliyelifungua. Mlinzi yule kila jioni alitukagua mikoba tusije tukatoka na mkasi wa kituo, na hakuwa na mchezo, lakini siku ile alitazama ndoo, akamtazama mkurugenzi, akasema aliambiwa mimea ile si ya kazi tena, na vitu visivyo vya kazi hutoka nje. Tukapita. Tulipoipita kona mmoja alianza kucheka, na wengine wakamfuata, hata udongo ukawa unamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu kichwani ni wangapi kati yetu wangeitwa ofisini, na nikajua la kwanza ni jina langu.

Tuliachishwa, mimi na wifi. Wengine walipewa onyo.

Sasa msidhani kazi ilikuwa imekwisha. Mahindi kweli hayapendi kuhamishwa. Mengine yalinywea kesho yake hayakuinuka tena. Yaliyopona yalisimama uani kwangu kando ya kamba ya nguo, kwa jirani nyuma ya banda la kuku, kwa mwingine kati ya matangi ya maji, na kila ua wifi aliupita asubuhi na jioni akiongea na mimea kwa ukali kama anavyoongea na watu. Tulipokosea ni kudhani yatachanua kama shambani. Shambani yote huchanua pamoja, mfano wa watu waliosikia kengele. Lakini mmea uliosumbuliwa mizizi unatoa mbelewele kwa wakati wake, halafu unachelewesha nywele za hindi. Kwangu mbelewele zilimwaga chavua wakati hakuna hindi hata moja lililokuwa tayari. Kwa jirani mahindi yalikuwa yametoa nywele na chavua yao imekwisha. Nyua zote zikawa hivyo, kila moja na saa yake.

Tukawa tunakimbia. Chavua haina subira, jua likishakaza imekufa. Asubuhi mtu anatikisa mbelewele kwake, anakunja mfuko wa kaki, anautia kifuani, anakimbia nao mtaa wa pili ambako kuna hindi linasubiri. Mimi mke wa mtu, mtu mzima, nilikimbia mbele ya duka la muuza mkaa na kanga kiunoni, na vijana wa pale wakanipigia makofi. Walituita timu. Waliuliza mechi ni lini. Niliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa, na sikupunguza mwendo.

Na mtaani kila mtu ana mahindi yake machache. Upepo ulikuwa umejaa chavua ya watu. Mvua ikaja ikalowesha mifuko ya karatasi, mingine ikapasuka, na tuliifikia imeshapasuka. Jirani wa kuku, mwanamke mwema lakini hawezi kukiacha kitu kilichofunikwa, alikuwa akifunua mifuko kuchungulia kama mtoto anaendeleaje. Niligombana naye hadi mumewe akatoka nje. Wifi alinivuta mkono. "Usikosane naye," alisema, "bado tuna mimea kwake."

Siku ya kumenya tulikaa uani kwangu wote, mahindi yamerundikwa kwenye mkeka. Wifi alimenya la kwanza. Lilikuwa zuri. Punje zimejaa, zinang'aa, safu zimenyooka. Akaliweka pembeni. La pili lilikuwa zuri. La tatu lilikuwa zuri isipokuwa kipande kidogo karibu na ncha. Rundo la mazuri likawa linakua, na mpita njia angesimama pale angetupa hongera. Wifi aliacha kumenya, akaweka mikono magotini. Ile mikono siku zote ilikuwa na kazi, na sasa ilikaa tu pale, mimi nikataka kumshika kichwa nikashindwa.

Mume wangu akasogeza kigoda chake. "Nipeni mimi," akasema.

Akachukua hindi, akapitisha vidole kwenye punje, safu hadi safu, vile anavyopitisha kwenye mshono. Akasimama mahali. Akakwangua punje mbili, tatu, akazitia kwenye bakuli. Akaendelea. Jicho lake lisingeziona, lakini punje iliyobonyea kati ya zilizonona kidole kinaijua. Akatoa nyingine kwenye lile hindi la kwanza kabisa, ambalo wifi alikuwa amelitupa pembeni. "Hili nalo lina mbili," akasema. "Dada, unatupa ndugu zako."

Ndipo kazi ikaanza upya. Yalikuwemo pia mahindi machache mabaya kabisa, mabaya kuanzia mwanzo hadi ncha, ya ua ambao wanawake wake hawakulala vizuri mwezi mzima kwa ajili ya mifuko. Hayo wifi aliyashika moja moja kama anaangalia watoto wametimia. Tulipomaliza, mazuri yalijaza gunia. Mabaya hayakufika nusu ya beseni. Yalitosha. Wifi aliyagawa: kila mwanamke wa kikosi alipewa punje zake kwenye kopo, na makopo yale yakaenda kwenye nyumba ambazo mkurugenzi hazijui. Mahindi machache ambayo hayajapukuchuliwa yalibaki kwetu.

Alikuja mwenyewe, mkurugenzi, kwa gari la kituo, wiki mbili tatu baadaye. Kumbe hospitali kubwa ilikuwa imesikia habari za unga wa wagonjwa wa sukari, ikatuma watu kituoni, na yeye aliwaahidi. Aliwaahidi kitu alichoamuru kitupwe. Aliingia uani kwangu akamkuta wifi amesimama anakunywa chai, mume wangu ameinamia nguo, mimi naanika.

"Mbegu ni mali ya kituo," alianza.

"Ni kweli," wifi akasema.

Sikutegemea jibu hilo, na nafikiri naye hakulitegemea. Alitazama huku na huku, akaliona gunia la mahindi mazuri, lililokuwa wazi likingoja kupelekwa kwa kuku. Uso wake ukafunguka. Akainama, akachukua hindi moja nono, akaligeuza, akachukua lingine. Aliyachagua vizuri hasa, yale yaliyojaa kuliko yote, akayapakata mkononi. Nilifunga mdomo wangu kwa nguvu zote. Chukua, nilisema moyoni, chukua baba, beba na gunia, nenda ukaonyeshe watu wako.

"Yaweke chini," alisema wifi. "Hayo si yenyewe."

Nilitaka kumrushia nguo mbichi usoni.

Akaingia ndani akatoka na hindi moja, baya, limesinyaa, rangi ya maji machafu. Akamwekea kwenye kiganja.

"Hili?" akauliza mkurugenzi.

"Hilo."

"Nitawaonyeshaje watu kitu kama hiki?"

"Usiwaonyeshe. Wape unga wake waule." Kisha akamweleza, bila kupandisha sauti, lipandwe wapi na mbali kiasi gani na ya gari, na nani wa kulifunika. "Sijakataa kwamba ni mali ya kituo. Ila ukiling'oa tena, usije kuniuliza. Limeshapandwa kwingine, na hutamaliza kugonga milango."

Mkurugenzi alilifunga hindi lile kwenye leso yake. Aliuliza kama wifi angerudi kazini. Wifi akasema angerudi siku wanawake waliopewa onyo watakapofutiwa, na msimamizi wao akiwa mbele yao, akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa bado nimeshika shuka lililolowa. Mkurugenzi alisema atafikiria. Wifi akamwambia afikirie upesi, mvua hazingoji barua.

Gari lilipoondoka nilimgeukia. "Kwa nini usimwache? Alikuwa ameshajichagulia takataka mwenyewe. Ungemwacha aende akaaibike."

"Asingeaibika yeye," akasema wifi. "Angepeleka yale mazuri hospitali, wagonjwa wangekula, sukari ingepanda, na wangeandika kwamba mahindi ya mtu hayafai. Halafu nani angenisikiliza? Nataka wayapime. Nataka wayapime hadi wachoke."

Nikaanika lile shuka. Nilikuwa bado na hasira, lakini haikuwa juu yake tena.

Jioni ile alichota konzi moja ya zile punje mbaya kutoka kopo letu, akanipa. "Msagie ndugu yangu," alisema. "Uji wa mara moja tu. Ameyachambua yote, hajayaonja."

Mume wangu alisikia. Alinyoosha mkono hadi akaukuta wangu, akazichukua punje, akazihesabu kwa kidole gumba kimyakimya. Kisha akapapasa mezani hadi akalipata kopo, akazirudisha ndani moja moja, tukizisikia zikigonga bati, na akalifunika.

"Pandeni zote," alisema. "Nitakula mwakani. Akija tena yule bwana, mwambieni mimi mwakani nina miadi na uji usio na adabu, na siendi popote kabla yake." Akageukia cherehani. "Haya, mke wangu, nitungie uzi."

Nikamtungia.